Mpaka Anaougusa Mnyama: Kuichora Virunga Juu ya Lubugo

Mwishoni mwa Agosti 2019 kundi la gorila wa milimani liitwalo Hirwa, gorila 17 kwa jumla, lilitoka upande wa Rwanda likaingia Hifadhi ya Mgahinga, wilayani Kisoro, Uganda. Wakati huo mpaka wa Gatuna, kati ya Uganda na Rwanda, ulikuwa umefungwa tangu Februari, na haukufunguliwa tena hadi mwisho wa Januari 2022. Malori yalikwama, wafanyabiashara walihesabu hasara, ndugu wa pande mbili walishindwa kuzikana. Gorila walipita zao msituni. Tarehe 3 Februari 2020 wanne kati yao, majike watatu na mtoto mmoja wa kiume, walikutwa wamekufa ndani ya Mgahinga, na dalili zilionyesha wamepigwa na radi.

Msanii anayetaka kuonyesha jinsi mipaka ya binadamu inavyowagusa wanyama aanzie kwenye tukio kama hili, kwa sababu linavunja picha ambayo karibu kila mtu huanza nayo: mstari mwekundu, na mnyama amesimama mbele yake ameduwaa. Kuna na ile nyingine ya gorila aliyeshika pasipoti. Picha hizo zinauzika, lakini zinasema uongo. Gorila hajaduwaa popote pale Sabinyo, volkano iliyo mpakani. Mnyama anajua ukuta, handaki, waya wenye umeme, mbwa wa shamba, mtego na mlio wa bunduki. Mpaka wa nchi haujui kabisa, hadi pale siasa ya upande mmoja inapogeuka kuwa mojawapo ya hivyo. Kazi yetu ni kuitenganisha mistari hiyo juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti, na kila mmoja kuupa nyenzo yake, ili macho ya mtazamaji yahisi kile ambacho miguu ya mnyama inahisi.

Mimi hutenga mitatu.

Wa kwanza ni mpaka wa nchi wenyewe. Huku kwetu kusini magharibi mwa Uganda ulikubaliwa Brussels mwaka 1910 kati ya Uingereza, Ujerumani na Ubelgiji, ukapitishwa juu ya vilele vya volkano hadi Sabinyo, ambako Uganda, Rwanda na Kongo zinakutana. Msituni huuoni, mianzi ni ileile pande zote. Kwa gorila hauna uzito wowote, ila kwa binadamu una bei: mgeni anayetoka nje ya bara hulipa dola 800 kumwona gorila Uganda na dola 1,500 kumwona Rwanda. Kundi la Nyakagezi lilizunguka nchi zote tatu kwa miaka kabla ya kutulia Mgahinga mwishoni mwa 2012, na lilipohama mapato yalihama nalo. Mstari huu naushona kwa uzi mmoja mwembamba, rangi ileile ya kitambaa. Mtazamaji asogee karibu ndipo auone.

Wa pili ni ukingo wa hifadhi na mashamba, na huu ndio unaostahili uzi mnene. Mgahinga ina ukuta wa mawe ya volkano unaozuia nyati wasishukie viazi vya watu. Hifadhi ya Bwindi kuna ua wa miiba, na upande wa Nkuringo kuna ukanda wa urefu wa kilomita 12 na upana wa mita 350 uliotengwa kati ya msitu na mashamba. Hifadhi ya Queen Elizabeth ina mahandaki ya tembo na uzio wa umeme. Usiuchore mstari huu bila mapengo, kwa sababu mapengo ndiyo habari yenyewe. Handaki huchimbwa upana wa mita 2 na kina cha mita 2. Tembo hubomoa kingo kwa miguu ya mbele hadi udongo uteremke, kisha anapita. Mvua inajaza palipobaki, na mara nyingine watu wenyewe hulaza magogo ili ng'ombe wavuke kwenda kunywa maji. Uzio wa umeme nao huharibika kwa namna zake: nyasi na matawi yakigusa waya umeme unavuja ardhini, nguzo inaoza, na tembo mzoefu anauvuta waya kwa meno kwa sababu meno hayapitishi umeme. Tembea na simu au kifaa cha GPS, piga alama kila pengo, andika pembeni limetokana na nini. Kwenye kitambaa pengo la mvua nalishona tofauti na pengo la tembo.

Wa tatu ni mpaka wa hofu. Haumo kwenye ramani yoyote na unahama. Mwaka 2020 tembo wapatao 580 walivuka kutoka Queen Elizabeth kuingia Virunga ya Kongo, hifadhi ambayo zaidi ya askari wake 200 wameuawa kazini. Wahifadhi waliuhusisha ujio huo na ulinzi ulioimarishwa sehemu ile. Tembo wanakumbuka palipo na bunduki, na wakiona pametulia wanarudi. Katika miaka mingine mwendo huwa kinyume. Mstari huu hauwezi kushonwa, maana uzi ukishatiwa unatulia. Huu nauacha uchorwe na kutu, na nitaeleza namna yake.

Kabla ya kitambaa kuna namba, na hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibika. Gorila hawafungwi kola. Wafuatiliaji wa hifadhi huenda kila siku hadi walipolala, wanahesabu viota na kuandika nukta ya GPS. Kwa hiyo unachopewa ni nukta moja au mbili kwa siku. Mstari unaoziunganisha nukta hizo ni makisio yako, na uonekane hivyo: mishono ya kurukaruka, kamwe usiwe mstari mzima. Tembo ni tofauti. Baadhi wana kola za satelaiti zinazotuma nukta kila baada ya muda mfupi, nao unaweza kuwachorea njia iliyoungana bila kudanganya.

Tatizo kubwa ni ramani zenyewe. Ramani za zamani za Uganda za kipimo cha 1:50,000, zile zinazopatikana idara ya upimaji Entebbe, zimejengwa juu ya mfumo wa vipimo vya mahali uitwao Arc 1960. GPS yako inatumia mfumo mwingine, WGS84. Ukihamisha namba moja kwa moja kutoka kifaa hadi karatasi, nukta yako inaangukia takriban mita 300 kusini ya mahali pake. Katika mashamba ya Masaka hilo ni dogo. Mgahinga ni kilomita za mraba 33.7 tu, ukanda mwembamba chini ya vilele, na ukingo wake wa kusini ndio mpaka wa Rwanda. Mita 300 zinatosha kumhamisha gorila nchi. Nimeona michoro mizuri inayoonyesha wanyama "wakivuka" mahali ambapo hakuna aliyevuka. Aliyevuka ni namba.

Mtego mwingine ni wa kanda. Mfumo wa ramani uitwao UTM unaigawa dunia katika kanda, na kanda ya 35 inakutana na ya 36 kwenye meridiani ya 30 mashariki. Meridiani hiyo ndiyo iliyotumiwa na mistari iliyochorwa Ulaya kabla ya mkataba wa 1910, na inapita ndani ya Queen Elizabeth. Ikweta nayo inapita humohumo, karibu na Kikorongo. Kwa hiyo hifadhi moja ina pande nne za namba: 35 kaskazini, 35 kusini, 36 kaskazini, 36 kusini. Tembo akivuka ikweta pale, namba zake za kaskazini zinaruka kwa mita milioni 10 na njia yake kwenye kompyuta inakuwa mstari ulionyooka hadi nje ya dunia. Dawa ni rahisi. Tunza kila kitu kwa digrii za desimali hadi siku ya kuchora. Kisha kwenye QGIS, programu ya ramani isiyolipiwa, geuza vyote viwe kwenye mfumo mmoja, ule wenye namba 32735, kwa Virunga, Bwindi, Ishasha na Queen Elizabeth yote. Ramani ya zamani uliyoipiga skani ipe namba yake ya asili, 21035, uache programu iihamishe. Usiinyooshe kwa macho.

Kosa la kifaa chenyewe chini ya miti, mita 10 au 15, lisikusumbue. Kwa kipimo ninachopenda, 1:20,000, kilomita moja ni sentimita 5, na mita 10 ni nusu milimita. Kwa kipimo hicho sehemu kubwa ya safu ya volkano, kilomita kama 40, inaingia kwenye kitambaa cha mita 2 na kitu. Lakini tazama upande wa pili wa hesabu hiyo: kalamu ya wino yenye unene wa milimita 5 inaufanya mpaka uwe na upana wa mita 100. Gorila kwa siku nyingi hawatembei hata kilomita moja. Mstari mnene unameza sehemu ya safari yao ya siku nzima, na mtazamaji anaondoka akidhani nchi ni kitu kipana na mnyama ni kitu chembamba. Ndiyo maana nasisitiza uzi mmoja.

Sasa kitambaa. Lubugo, gome la mti wa mutuba lililopondwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, limo katika orodha ya urithi ya UNESCO tangu 2008, na mafundi wazuri wako Masaka na Mpigi. Mti haufi: gome linavuliwa, shina linafungwa kwa majani ya migomba, na gome jingine linaota. Nenda kwa fundi mwenyewe, mwambie vipimo unavyotaka na kwamba ni cha kushonea, akupe kilichopondwa sawasawa bila kukonda katikati. Kinyanyue juani: sehemu inayopitisha mwanga kupita nyingine itachanika ukivuta sindano. Matundu ya matawi yaliyozibwa na fundi usiyafiche. Yakiangukia msituni kwenye ramani, yawe sehemu ya ramani.

Lubugo ghafi linanyonya rangi na wino unasambaa. Changanya gundi nyeupe ya mbao sehemu moja na maji sehemu nne, paka kwa brashi pana pande zote mbili, lianike kivulini likiwa limelala. Jua kali linalikunja. Likilowa linanywea kidogo, kwa hiyo usichore miraba kabla ya hatua hii, la sivyo kipimo chako kitapotea. Likikauka, chora miraba ya sentimita 10 kwa chaki. Kila mraba ni kilomita 2 kwa 2. Hamisha nukta mraba kwa mraba. Projekta ni ya haraka zaidi, lakini lazima isimame wima kabisa mbele ya kitambaa, vinginevyo volkano ya Muhabura inanenepa na Sabinyo inakonda.

Nyuzi nzuri zinapatikana Kiyembe, Kampala. Chukua za pamba. Za nailoni zinakata nyuzinyuzi za gome, na baada ya mwaka mshono unaning'inia. Sindano iwe nene na butu kidogo, ipenye kati ya nyuzinyuzi badala ya kuzitoboa. Shona kwa kufuata uelekeo wa nyuzi za gome pale inapowezekana. Unapolazimika kwenda kinyume, weka kiraka chembamba cha lubugo nyuma yake kwanza.

Kisha kutu. Waya za mitego zinazotolewa porini mara nyingi ni nyaya za breki na klachi za pikipiki, au waya wa chuma uliochomwa kutoka matairi ya magari. Mtego unawekewa swala mdogo au nguruwe pori, lakini gorila naye ananasa mkono, na tembo mdogo ananasa mkonga. Hifadhi huzikusanya kwa marundo. Omba kwa barua katika ofisi kuu ya mamlaka ya wanyamapori, Kamwokya, ukieleza kiasi, matumizi na mahali kazi itakapoonyeshwa, na ukae na nakala iliyogongwa muhuri kila unapozisafirisha. Mtu akikutwa na rundo la mitego kwenye buti ya gari bila karatasi, maelezo ya sanaa hayatamsaidia. Vivyo hivyo usiokote manyoya, mifupa, miiba ya nungu wala pembe iliyoanguka. Sheria ya Wanyamapori ya 2019 haimsamehi mtu kwa kuwa ni msanii.

Vaa glavu za ngozi, waya huu unarukia macho. Usiusugue, kutu ndiyo rangi. Loanisha sehemu ya lubugo kwa siki ya kawaida iliyozimuliwa nusu kwa nusu na maji, laza waya pale mpaka wa hofu unapopita, funika kwa nailoni, weka mawe juu. Baada ya siku moja utaona alama ya hudhurungi. Ya pili inaanza kuwa nyeusi, kwa sababu gome lina asidi zake na chuma kinashikana nazo. Wafundi wa zamani walipata lubugo jeusi kwa njia ya jamaa na hiyo, wakitumia tope la kinamasi lenye chuma. Usipitishe siku tatu. Siki na chuma vikiachwa vinakula nyuzinyuzi, na baada ya muda kitambaa kinakatika palepale. Ukiondoa waya, futa kwa maji yenye kijiko kimoja cha magadi ya kuokea kwa lita, kisha maji matupu, anika. Alama haifuati mkono wako sawasawa. Inatawanyika, inafifia, inatokeza mahali usipopanga. Kwa mstari wa hofu hiyo ni sahihi kabisa, na sijapata rangi ya dukani inayofanya hivyo.

Nyayo nazo zinafaa, zikiwekwa chini mbele ya kitambaa. Plasta sehemu mbili kwa maji sehemu moja, kizuizi cha pembeni ukikate kutoka jerikeni la zamani, mimina ukianzia ukingoni ili usivunje alama. Unyayo wa tembo wenye upana wa sentimita 45 unataka kama kilo 5 za unga kwa unene wa sentimita 3, na nyuzi za katani katikati. Baridi ya Kisoro inachelewesha. Subiri saa nzima. Fanya hivyo wanyama wakishaondoka, ukiwa na askari wa hifadhi, na usiache hata kipande cha plasta ardhini. Gorila mwenyewe usimsogelee chini ya mita 10, na uwe na barakoa. Mafua yako yanaweza kumuua.

Mistari yote hii haitoki kwenye kompyuta peke yake. Wabatwa, wenyeji wa asili wa misitu hii, walitolewa Mgahinga na Bwindi zilipofanywa hifadhi za taifa mwaka 1991, na mpaka uliochorwa kuwalinda gorila ulikata maisha yao katikati. Kazi yoyote kuhusu mipaka na wanyama huku isiyowataja ni pungufu, na ningeirudisha kwa mwenyewe. Mzee wa Kibatwa anajua njia za tembo na maji ya kiangazi kabla GPS haijawaka. Mwendee kupitia jamii yake, mwamkie, keti, eleza kazi ni ya nini na itauzwaje. Mlipe kwa siku kama unavyomlipa mtaalamu mwingine yeyote, siku hiyohiyo, mkononi mwake. Jina lake liandikwe kwenye kazi ikiwa anataka, na lisiandikwe ikiwa hataki. Wakulima wa ukingoni nao waulize: mama anayelala shambani kulinda mahindi anajua usiku gani nyati huruka ukuta na wapi jiwe limeanguka. Wapelekee kitambaa Kisoro kikiwa bado na chaki, kabla ya kushona. Watakurekebisha kwa vidole, na mara nyingi ni wao walio sahihi.

Jambo moja linataka ukali. Ramani nzuri ya wanyama ni ramani nzuri ya jangili. Usionyeshe mahali wanapolala wala wanapokunywa kwa usahihi wa kufikika. Tumia nukta zilizopita angalau mwaka, ziyeyushe ziwe maeneo badala ya nukta, futa miraba ya chaki yote kabla ya maonyesho, na usichapishe faili la namba pamoja na kazi. Njia za panya zinazotumiwa na watu wa magendo pia zinapita humo msituni. Hizo usizichore kabisa, kwa usalama wako na wa waliokuonyesha. Karibu na vivuko vya mpakani vya Bunagana na Cyanika usipige picha za askari wala vituo, na droni usiirushe bila vibali vya usafiri wa anga na vya usalama.

Siku ya kutundika, kitambaa kisibandikwe ukutani. Kining'inize katikati ya chumba kwa fito mbili, moja juu na moja chini, upande wa nyuma uonekane na mafundo yake yote, mita moja na nusu ya kupita kila upande. Taa ziwe za LED na zisikae karibu, lubugo hugeuka rangi kwa mwanga mkali. Ukikisafirisha, kizungushie bomba la plastiki la inchi 4, mshono ukiwa nje, karatasi safi katikati, na usikikunje hata mara moja maana mkunjo haurudi. Kama kinavuka kwenda Musanze au Goma, pitia forodha mapema na orodha ya vipande, picha zake, thamani yake na barua ya mitego, kila kimoja nakala mbili. Ghalani kikae juu ya rafu mbali na ukuta, ukikifungua kila baada ya miezi mitatu kutazama mchwa na ukungu, hasa mstari wa kutu, ambao ndio utakaoanza kudhoofika. Ukiona umelegea, bandika kiraka cha lubugo jembamba nyuma yake kwa gundi ileile ya mbao.